Mashine Iliyomwogopa Mama Mkwe

Watu wengi hapa Bariadi wanasimulia habari ya mashine yangu, na karibu wote wanaisimulia vibaya. Wapo wanaosema nilimfunga mama mkwe wangu kamba kwenye mashine. Uongo mtupu. Alikaa kwa hiari yake, tena anakunywa chai. Sasa nimeamua kuandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ili wanaopenda kusimulia wawe na kitu cha kweli cha kusimulia.

Shule niliishia darasa la nne, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji. Lakini chuma nilikijua. Nilianza na baiskeli, nikaja kwenye mashine za kusaga, nikaja kwenye pampu, halafu nikajifunza kukereza vyuma kwenye mashine ya kawaida, ile ya kuzungusha magurudumu kwa mkono. Hakuna aliyenikalisha kitako akanifundisha. Niliiba kwa macho.

Ikaja miaka ya ruksa. Siku hizo tulikuwa bado chini ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yanakufa kama kuku wa kideri, na watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba na kufungua viwanda vya kuichambua. Nikaona mbali. Viwanda vikija, vitavunja shafti, na shafti ikivunjika lazima ipelekwe Mwanza. Nikasema haiendi Mwanza tena, inakuja kwangu.

Huko Mwanza kwenyewe kulikuwa na karakana ya shirika moja lililokufa, wanauza vitu vyake. Ndani yake nikakuta mashine ya kukereza inayoendeshwa na kompyuta, ya zamani, rangi imebanduka, lakini ina akili. Unaiandikia namba kwenye vitufe, unabonyeza cha kijani, inakata chuma yenyewe huku wewe umeshika kiuno. Nikauza ng'ombe wangu wote. Sisemi walikuwa wangapi, maana wapo watakaosoma hapa wakalia.

Msukuma kuuza ng'ombe wote akanunua chuma ni jambo la kuitiwa ndugu. Baba mkwe alikuja kutoka Sapiwi kwa baiskeli, akaizunguka mashine, akaigonga kwa fimbo.

"Hii inatoa maziwa?"

"Haitoi, bhabha."

"Inalima?"

"Hailimi."

"Inazaa?"

"Itazaa kazi, bhabha."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtamba mgonjwa mnadani. "Sikiliza, ngosha. Mimi nilimtoa binti yangu kwa mtu mwenye zizi. Leo nimepita zizini kwako, nimekuta limeota majani. Siku wanunuzi watakapofungua mizani ya pamba, kama hiki chuma hakijazaa kitu, namchukua binti yangu. Atakaa kwangu mpaka upate ng'ombe wengine."

Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Akasema, "Na mimi nimeulizwa?"

Baba yake alikuwa ameshapanda baiskeli. Nilimpenda sana mwanamke yule, nasema wazi hata kama sasa mimi ni mzee, na sikutaka hata kusikia habari ya kubaki peke yangu na lile chuma.

Na chuma chenyewe kikaanza kuumwa. Ukiwasha inawaka vizuri. Chaki, ile taya inayoshika chuma, inazunguka, kisu kinasogea, kinaanza kukata, unyoya wa chuma unatoka mrefu unang'aa. Halafu katikati ya kazi, kimya. Taa nyekundu. Ukizima ukasubiri ukawasha, inaanza tena kwa adabu zote, na katikati, kimya.

Nikafungua kabati la umeme. Ndani kuna kadi zimesimama zimepangana kama masega ya asali, na nyuma kabisa, kwenye bati la mgongo wa kabati, kuna bodi kubwa ambayo kadi zote zimechomekwa. Mimi na vitu vya umeme nina sheria yangu: anza na unachokiona. Nikakagua fyuzi, nzima. Nikapima umeme wa jenereta, ulikuwa unayumba kidogo, nikaazima jenereta ya jirani, umeme ukatulia kama maji ya mtungini, mashine ikazima vilevile. Nikakuta feni ya kabati imeziba vumbi la pamba, maana hapa kwetu msimu hadi msimu pamba inaruka hewani kama inzi. Nikapiga brashi, nikapuliza. Nikachomoa kadi moja moja, nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Mashine ikakata kidogo, nikaanza kupiga mluzi, ikazima katikati ya mluzi.

Kulikuwa na mtu mmoja Mwanza aliyeijua mashine ile tangu enzi za shirika, fundi wa umeme, amesomea kabisa. Sikumwita. Alikuwa Mzaramo, na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani. Mtani akikutengenezea mashine atakusimanga mpaka ufe, na ukifa ataingia kaburini alale, aseme hatoki mpaka mashine itajwe kwenye msiba. Na anaruhusiwa.

Sasa ndipo alipoingia mama mkwe.

Asiye wa kwetu lazima aelezwe kitu kimoja. Mwanamume wa Kisukuma na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapishani njia moja, hawali pamoja, hawazungumzi ana kwa ana. Ukimsikia anakuja, unapotea. Huo ndio uungwana, na mimi, pamoja na kuishia darasa la nne, uungwana ninao.

Asubuhi moja mashine imezima, mimi nimeikodolea macho, mke wangu yupo pembeni, nikasikia salamu mlangoni: "Mwangaluka!" Sauti ya mama mkwe, amemletea binti yake michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Karakana yangu ilikuwa na mlango mmoja. Nikatazama dirisha, dogo. Nikatazama chini ya meza, pamejaa vyuma. Nikajipenyeza nyuma ya kabati la umeme, kati ya kabati na ukuta, nikabanwa kama ukurasa wa kitabu.

Mama mkwe akamwambia mke wangu, "Mwanangu, hili ndilo dude lililokula ng'ombe? Linafanya nini?"

Mke wangu, kwa aibu ya kunifichia siri, akabonyeza kitufe cha kijani. Mashine ikaanza. Mimi huko nyuma nahesabu pumzi, nasubiri izime mbele ya mkwe. Haikuzima. Ikakata, ikarudi, ikakata tena, ikamaliza kazi nzima.

"Mbona zuri," mama mkwe akasema, akaaga, akaenda zake. Nikatoka na vumbi mgongoni, nikafunga chuma kingine, nikabonyeza. Ikazima.

Siku nyingine akaja tena, na mambo yakawa yaleyale. Akiwepo, mashine inafanya kazi. Akiondoka, inagoma. Mimi si mtu wa kuamini ovyo, lakini hili niliamini. Nilimwambia mke wangu, "Mashine inamwogopa mama yako."

"Hata wewe unamwogopa."

"Mimi namheshimu."

"Basi na yenyewe inamheshimu."

Tukapanga. Mke wangu akamwomba mama yake awe anakuja kukaa karakana asubuhi. Mama mkwe hakukataa. Alisema kwake amechoka kumsikiliza mume wake akihesabu ng'ombe. Alitaka kigoda, chai yenye maziwa, na kigoda kielekee mlangoni ili asinione. Mimi nikaingia nyuma ya kabati. Na kazi ikaanza.

Nani sasa anaendesha mashine? Mke wangu. Yeye alimaliza la saba. Mimi napiga kelele kutoka ukutani, namba hii, namba ile, yeye anaandika.

"Mwambie mume wako aongee polepole," mama mkwe anasema, "anamwaga chai yangu kwa makelele."

"Mama anasema uongee polepole."

"Nimesikia! Mwambie mama samahani! Andika arobaini!"

"Arobaini haiwezi, kisu kitagonga chaki."

"Nani fundi hapa?"

"Aliye mbele ya mashine."

Siku moja akaja mwenye kiwanda kipya, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Alileta shafti iliyovunjika ya kuzungushia rola ya kuchambulia pamba, anataka mpya kabla mizani haijafunguliwa. Akamkuta bibi ameelekea mlangoni anakunywa chai, mwanamke anaendesha kompyuta, na sauti ya mwanamume inatoka ukutani: "Karibu sana tajiri!"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Fundi yuko wapi?"

"Nipo huku!"

"Unatengeneza nini huko?"

"Nipo kazini!"

Akaiacha shafti. Nadhani hakutaka kujua zaidi.

Habari ikafika Sapiwi. Baba mkwe alikuwa anarudi kutoka malishoni anakuta jiko limepoa. Akaja amepanda baiskeli kwa hasira, kengele inalia njia nzima. Hakusalimia.

"Nilisema nitachukua binti. Kumbe wewe umechukua na mama yake!" Akamgeukia mke wake. "Wewe, twende nyumbani. Unalinda chuma?"

"Nakunywa chai," mama mkwe akasema.

"Twende!" Akampakia nyuma ya baiskeli, akanisemesha mimi niliye nyuma ya kabati: "Wanunuzi wanafungua mizani keshokutwa. Nitakuja asubuhi. Na huyu mke wangu haji."

Wakaondoka. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Ikazima. Shafti ya kiwanda imelala mezani, na mke wangu ameanza kukunja khanga zake taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa begi. Nikakimbia posta, nikampigia simu Mzaramo.

Alishuka kesho yake mchana, mdogo, mnene, mkoba begani. Hata maji hakuomba. "Nyinyi Wasukuma! Mmeona kompyuta haina mkia, mkashindwa pa kuishika!"

Nikamfungulia kabati, maana shida ilikuwa yangu. Akapima umeme, akapima fyuzi, akapima kila nilichopima mimi, akakubali kwa kununa kwamba nilipima vizuri. Halafu akakaa chini, akawasha sigara.

"Ikifanya kazi, inafanyaje?"

"Akiwepo mama mkwe."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Nyuma ya kabati. Nimejificha."

Alikohoa moshi. "Umejificha? Vipi?"

Nikamwonyesha kwa mikono, mgongo kwenye bati, magoti ukutani. Akaniambia, "Ingia." Nikamwambia siwezi kujificha bila mkwe, nitaonekana mjinga. Basi yule mtani akachukua khanga ya mke wangu, akajitanda kichwani, akatoka nje, akarudi anatembea kwa madaha akibana sauti: "Mwangaluka! Mwanangu, nimeleta michembe!"

Naapa, miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nyuma ya kabati.

Mke wangu alicheka mpaka akashindwa kubonyeza kitufe. Mzaramo mwenyewe ndiye aliyekibonyeza, khanga kichwani. Mashine ikakata bila kuzima. "Sasa toka taratibu," akasema. Nikatoka, mgongo ukaliachia bati, mashine ikazima hapohapo. "Rudi." Nikaegemea, akawasha, ikakata. "Toka." Ikazima.

Akaitua khanga. "Ngosha, mashine haimwogopi mtu. Umekuwa ukiishika kiuno kwa mgongo wako."

Akazima umeme wote, akasubiri, akaifungua ile bodi kubwa ya nyuma. Akaigeuza juani, akanipa kioo chake cha kukuzia. Kwenye mguu mmoja wa kichomekeo, risasi iliyoushikiza mguu huo kwenye bodi ilikuwa imepasuka kwa kuzunguka, ufa kama unywele. Mashine ikitetemeka inapokata, ufa unaachia, taa nyekundu. Mimi nikibana bati kwa mgongo, ufa unagusana. Akachukua kijiti chake cha umeme, akayeyusha risasi ile ya zamani, akaweka mpya. Halafu akanipa penseli ya mbao. "Washa, ugonge bodi polepole kwa penseli huku na huku. Ikizima mahali, bado kuna ufa." Niligonga kila mahali. Haikuzima.

"Deni langu," akasema anapofunga mkoba, "ni kwamba siku ukifa naingia kaburini nimejitanda khanga." Nikamwambia atangulie yeye.

Asubuhi ya mizani baba mkwe alifika na baiskeli, na kamba ya kufungia mzigo nyuma. Alisimama mlangoni. Aliona mimi nimesimama mbele ya kabati, mikono mgongoni, mbali kabisa na bati. Aliona kigoda hakina mtu. Na aliona binti yake amesimama mbele ya mashine, anakata shafti ya kiwanda, unyoya wa chuma unamwagika miguuni.

Akasubiri izime. Mimi pia nilisubiri izime, sitadanganya. Ikafika mwisho, kisu kikarudi, chaki ikatulia. Mke wangu akapima unene, akaifuta shafti kwa kitambaa, akaiweka mezani mbele ya baba yake. Mzee akaigusa, akatoa mkono haraka, ilikuwa ya moto.

"Imezaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu asichokitaka.

Halafu akakumbuka kamba. "Lakini mumeo ng'ombe bado hana. Binti yangu, twende."

"Subiri, baba," mke wangu akasema. "Kiwanda kimeleta nyingine mbili, nimalize."

Hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa ameshafunga chuma kwenye chaki, anaandika namba. Baba mkwe akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyemwagiza. Nikainua mabega. Akasubiri ya pili, akasubiri ya tatu. Kabla ya tatu haijakwisha, lori la kiwanda likaleta kazi nyingine, na mke wangu akatoka nje kupokea, akapanga vyuma kwa unene wake, akarudi kwenye vitufe.

"Baba, ukichoka kusimama, nenda tu, mama atakuwa amepika."

Mzee akaifungua kamba, akaizungusha mkononi, akaitia mfukoni. Alipanda baiskeli akaondoka peke yake, kengele haikulia.

Mimi nikasogea kwenye mashine, nikakohoa kidogo, nikamwambia mke wangu kwamba sasa imepona, ninaweza kuendelea mwenyewe.

"Kaa kwanza," akasema. "Hii nimeanza mimi."

Nikakaa.