Mama Vipimo na Mtu wa Ng'ambo

Kabla hajaitwa Mama Vipimo alikuwa mpika chai wa ofisi ya maji, na baiskeli alikuwa ameipanda mara ya mwisho akiwa msichana wa miaka kumi na mbili. Kisha msoma vipimo akaumwa mgongo, na mkuu wa ofisi akaitisha kikao kuuliza nani atashika nafasi yake kwenye mfereji mkuu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa. Majini zimesimamishwa fito kumi na moja za chuma zilizoandikwa namba, ya kwanza nyuma ya soko na ya mwisho kilomita kumi na sita mbele, bonde linapoanza kufunguka. Kila asubuhi lazima mtu azifikie zote, aone maji yamegusa namba gani, aandike. Tabu ilikuwa njia. Vijana wote wa ofisi walikuwa na pikipiki, na pikipiki, sawasawa na gari, ni marufuku juu ya tuta la mfereji. Tuta ni udongo uliofunikwa changarawe. Likitikiswa kila siku litapasuka, na likipasuka bonde zima litaogelea. Vijana wakawa wanaangalia viatu vyao.

"Mimi naweza," akasema yeye, birika mkononi.

"Unajua baiskeli, mama?"

"Najua."

Uongo mtupu. Siku nne alijifunza nyuma ya ofisi, dereva wa mkuu akimshikia kiti na kucheka hadi machozi. Makovu ya muundi wa kulia anayo hadi leo. Siku ya tano akatoka peke yake.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane wa mwaka wa tatu, akiishi na dada yake mkubwa katika vyumba viwili vilivyojaa vitambaa, maana dada ni fundi cherehani. Aliichukua kazi ile ili alikimbie jiko tu. Hakujua kwamba ataipenda njia. Hakuna honi, hakuna moshi, hakuna wa kukuambia sogea. Changarawe zinasaga chini ya tairi kama mtu anayetafuna karanga taratibu. Kushoto maji, kulia mashamba yanashuka hadi mto ulipo, na korongo wamesimama mguu mmoja kama wadeni wa mtu. Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani magoti yanawaka moto na uso unacheka.

"Umeokota nini huko?" dada akamuuliza.

"Upepo," akajibu.

Mtu wa ng'ambo, Mama Vipimo alimwona mwezi wa pili wa kazi. Mkabala na fito ya nne, upande wa pili wa mfereji, kuna kituo cha pampu na nyumba chache za wafanyakazi. Asubuhi moja akatokea hapo mwanaume mrefu mwenye kofia ya majani, koleo fupi limefungwa nyuma ya baiskeli yake, naye akashika njia ya tuta la kwao kuelekea kulekule anakoelekea yeye. Alikuwa mkagua tuta. Kazi yake ni kutafuta mashimo ya panya buku na kenge na kuyaziba kwa udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa tundu la ngumi moja likiachwa wiki mbili linameza tuta.

Wakaenda sambamba, maji katikati yao, upana wa hatua arobaini. Yeye akisimama kusoma fito, mwanaume naye anashuka kuchungulia mashimo yake. Yeye akiondoka, naye anaondoka. Siku ya kwanza alidhani ni bahati. Siku ya kumi akajua si bahati.

Daraja halikuwapo karibu. La kwanza lilichukuliwa na mafuriko zamani. Lililobaki lilikuwa mbele kabisa, kwenye lango la kugawa maji, kilomita tisa baada ya fito yake ya mwisho. Kwa hiyo walizungumza kwa kupiga kelele.

"Habari ya huko!"

"Salama! Maji yamepanda!"

"Mvua ya juu hiyo!"

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka saba. Na mambo ya kupigiwa kelele, ukitafakari, ni machache mno: mvua, pancha, mafua, salamu za sikukuu. Mengine yote hayapigiwi kelele. Nani atasimama juu ya tuta, wavuna mchicha wanamsikiliza, akapaza sauti kwamba jana usiku alikaa macho? Alikuwa akirudi nyumbani na maneno yamemjaa kifuani, ameyameza yote, na dada yake anamtazama juu ya miwani.

"Shemeji wa ng'ambo hajambo?"

"Dada, usinianze."

"Mapenzi kikohozi, mdogo wangu. Na wewe umekohoa tangu masika."

Siku moja mwanaume alijaribu. Alisimama, akaweka viganja mdomoni, akaanza kutaja namba yake ya simu. Mama Vipimo akaandika nyuma ya daftari la serikali. Nane alizipata; mbili za mwisho upepo ukazichukua. Akaona haya kuuliza tena. Alipomweleza dada, dada akaweka mkasi chini.

"Zimebaki namba mbili? Basi majaribio ni mia tu. Piga zote."

"Nipigie watu mia niwaulize kama ndiye wa ng'ambo? Watanifunga!"

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini baadaye, akiwa amejilaza, hakucheka.

Basi, Jumatatu moja ya msimu wa upepo, ng'ambo hakukuwa na mtu. Akapita kituo cha pampu akipiga kengele. Kimya. Jumanne vilevile. Akajikaza kisabuni, akasema moyoni kwamba ni likizo. Wiki ikapita, ikapita ya pili, na tuta la kule likaonekana refu kuliko kawaida yake. Aliuliza ofisini, akaambiwa ng'ambo ni wilaya nyingine, wafanyakazi wake si wetu. Wiki ya tatu aliandika kipimo cha fito ya sita mahali pa fito ya saba, kosa ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, akajaza chupa ya chai, akatia upepo tairi zote mbili.

"Unakwenda wapi, leo si kazini?" akauliza dada.

"Ninavuka."

Dada hakufanya mzaha. Akamfunga kitambaa kichwani vizuri, akamwambia, "Nenda."

Baada ya fito ya kumi na moja hakuwa amewahi kuendelea. Huko mfereji unajinyoosha, bonde linakuwa pana hadi macho yanachoka, na mto unajipindapinda mbali, unang'aa. Hakukutana na mtu isipokuwa mchunga mbuzi mmoja. Kwenye lango akashuka, akaisukuma baiskeli juu ya mbao za daraja. Kisha akageuka, akawa kwenye tuta la mwanaume, akirudi kuelekea pampu.

Ni ajabu kuliona tuta lako kutoka upande wa pili. Fito zake zilionekana ndogo kama njiti. Aliyaona mashimo yaliyozibwa, mengine ya miaka, yamepigwapigwa mgongo wa koleo hadi yamelainika. Alipofika mkabala na fito ya saba akapunguza mwendo. Pale ndipo yeye kila siku alipokaa kunywa chai yake. Upande huu matete yalikuwa yamekatwa, pengo la upana wa mlango, na mashina yake yalionyesha yamekatwa mara nyingi, kila yalipochipua. Siku zote alidhani matete hayaoti hapo. Ndani ya pengo palikuwa na jiwe bapa, changarawe za mbele yake zimesagwa na visigino vya mtu aliyezoea kukaa.

Akakaa juu ya jiwe. Mbele yake, ng'ambo, ilionekana wazi sehemu yake ya kunywea chai, na hapakuwa na kingine cha kutazama. Akalia, si sana, akajipangusa kwa ncha ya kitambaa.

Kituoni, mwendesha pampu, mzee mnene mwenye mikono ya grisi, alimtambua Mama Vipimo hata kabla hajashuka baiskeli.

"Wewe ndiye Mama wa Saa Moja Kasorobo?"

"Kwa nini unaniita hivyo?"

"Jamaa yangu alikuwa hata chai hamalizi. Saa moja kasorobo, anasema, nitachelewa. Nani anachelewa kwenye mashimo ya panya?"

Kisha akamweleza. Mkagua tuta aliteleza ukingoni, nyonga ikavunjika. Mwanawe alikuja akamchukua, amempeleka kwake mjini, mwendo wa nusu siku kwa basi. Hatapanda baiskeli tena. Mzee akafuta mikono, akabonyeza simu yake, akampa, akaenda zake kuikagua pampu ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

"Nani mwenzangu?" ikasema sauti.

"Ni mimi," akajibu, na nusura apige kelele. "Wa ukingo wa pili."

Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mbona unanong'ona?" mwanaume akauliza.

"Sinong'oni. Hii ndiyo sauti yangu."

"Kumbe! Miaka yote nilidhani una sauti ya mnadi."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu walioogopa.

"Umevuka," akasema mwanaume.

"Nimevuka. Wewe mbona hukuvuka?"

"Nilifika darajani mara tatu. Ya tatu nilifika katikati. Nikajiuliza, nikitua upande wake nitakuwa nani? Huku mimi ni mtu wa ng'ambo. Kule ningekuwa mzee mmoja anayetoka jasho, na baiskeli chakavu."

Mwezi uliofuata Mama Vipimo alichukua likizo, akapanda basi kwenda kumwona. Sebule ya mwana ilikuwa na makochi makubwa na televisheni inayosema peke yake. Mkamwana akaleta soda, wajukuu wakamkodolea macho mgeni. Mwanaume alikuwa kwenye kiti chenye mto mgumu, gongo pembeni, mfupi kuliko alivyomdhania. Kati yao palikuwa na kimeza cha kioo tu. Wakaulizana habari za afya, wakaulizana habari za safari, wakaulizana tena habari za afya. Mama Vipimo akatamani hatua arobaini za maji zirudi, angalau kule alijua la kusema.

Mwishowe mkamwana akawatoa watoto nje, na televisheni ikazimwa.

"Nipitishe njia," mwanaume akamwambia. "Polepole. Anzia pampu."

Akampitisha. Akamweleza mahali changarawe zimekuwa laini, kenge aliyeota jua juu ya lango dogo, mto ulivyohama kidogo kwenye kona ya mashamba ya mpunga. Mwanaume akafumba macho. Kila baada ya muda anamkatiza: "Na lile shimo chini ya mgunga?" Naye anajibu. Wakati mwingine hakujua, akasema ataangalia. Walipofika fito ya tisa, basi la saa nane lilikuwa limekwisha kuondoka, na hakuna kati yao aliyetazama saa.

Alirudi na la kesho yake. Hawakuoana, mwanaume hawezi kuishi mbali na daktari wake, na yeye ana miaka mitatu kabla ya kustaafu, na dada. Simu wanapigiana. Jumapili anavuka daraja, koleo fupi limefungwa nyuma ya baiskeli, anaziba mashimo ya wilaya ya watu bila kutumwa na yeyote, kisha anampigia kumwambia ameziba mangapi.