Fundi Paka Anaishi Hapa?

Kaka yangu alikuwa fundi wa mapaa. Watu walimwita Paka kwa sababu alishaanguka mara mbili, na mara zote akainuka akijipangusa vumbi. Mtu wa mzaha kupita kiasi. Kila jioni alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe na kuuliza kwa sauti aliyoibadilisha, "Samahani mama, fundi Paka anaishi hapa?" Wifi yangu hujibu bila hata kuinua macho, "Kahama." Ndipo anaingia, wanacheka. Mimi mchezo huo ulinichosha, na nilimwambia.

Safari hii boriti iliteleza, akaanguka, paja likavunjika. Hospitalini alilazwa mguu ukivutwa kwa uzito, akisubiri kupasuliwa. Tulishukuru Mungu kwamba ni mfupa tu, na mfupa huunga. Alikula vizuri, akawatania wauguzi, akahangaikia paa aliloliacha nusu, asije mtu akaliharibu.

Kesho yake tulimkuta anahema kama aliyetoka kupanda ngazi. Akamtazama mkewe na kuuliza polepole, "Samahani mama, wewe ni nani?"

Tukacheka wodi nzima. "Mkeo kahama," wifi akamjibu, akangoja. Kaka hakucheka, naye hakuwahi kushindwa kuucheka mzaha wake mwenyewe.

"Wifi, huyu hatanii," mkewe akaniambia.

Mimi bado natabasamu kama mjinga. Yeye akamfungua vifungo vya shati apate hewa. Kifuani na kwapani kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama alama za ncha ya sindano. Akaenda kumvuta muuguzi mkono.

Walimwekea oksijeni na kumkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari alitueleza kwamba mafuta ya ndani ya mfupa yalitoka pale ulipovunjika, yakaingia kwenye damu, na sasa yanaziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo.

"Atapona?" wifi akauliza.

"Tunamsaidia kupumua, mama. Kuyaondoa mafuta ni kazi ya mwili wenyewe."

Nililichukia jibu lile, ingawa lilikuwa la kweli.

Usiku ule kaka alipoteza fahamu, hakuamka tena.

Baada ya mazishi tulikuwa tumekaa sebuleni, jioni, mlango ukabishwa. Sauti ya mwanamume ikauliza, "Samahani mama, fundi Paka anaishi hapa?"

Wifi alishainuka, uso umemng'aa, mdomo wazi kujibu. Nilimwahi mlangoni, nikafungua mimi. Alikuwa mteja, paa lake linavuja.