Pigo la Kuanguka

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitenge kilichonyunyiziwa maji imenikuta leo kwa mafundi wa nguo mtaani Nyamirambo, ikanifuata hadi nyumbani.

Mama alikuwa fundi cherehani. Nyuma ya duka lake, mimi na dada yangu tulicheza gemu ya televisheni ya kupigana juu ya jukwaa, ambamo anayedondoka nje ameshindwa. Dada alikuwa amebuni pigo lake mwenyewe: anaruka nje ya jukwaa, anajiachia kama anayeanguka, kisha anageuka hewani na kunipiga kutoka chini. Mara nyingi alianguka kweli.

"Wewe simama pale ukingoni, usiguse kitu," aliniambia. "Buretse, subiri kidogo, iko karibu."

Niliweka rimoti yangu ya gemu mkekani nikamwangalia akianguka, akirudia. Mama akichomeka pasi, umeme haukutosha na televisheni ilizimika, nasi tulisubiri mpaka amalize gauni la mtu. Jioni moja pigo lilikubali. Dada hakushangilia. Alinivuta sikio taratibu, akasema, "Kesho unajaribu wewe. Mimi ndio nitasimama."

Asubuhi yake walimpeleka hospitali akiwa na homa, na kitanda chake hakikulaliwa tena.

Leo nimewasha gemu ileile. Nimempeleka mchezaji wa dada hadi ukingoni, kisha nikaweka rimoti yake mkekani, ile yenye kitufe kilicholika. Nimeshika yangu nijaribu kuruka, nimeshindwa kubonyeza. Yeye amesimama pale, hagusi kitu, kama alivyoniahidi.