Immakulata, Mpika Pombe Asiyekunywa

Pombe ya ndizi ya Immakulata inajulikana Nyakitonto nzima, na mwenyewe hajawahi kuimeza. Huonja, hutema, husema, "Bado," nasi walevi wake tunangoja kama waumini. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipokufa, tumbo limevimba, macho ya njano. Watu wakasema ni ulevi. Mtoto akaamini, akaapa.

Basi alipopata mimba, na kliniki ya Kasulu ikamwambia ana virusi vya homa ya ini, uvumi ulinoga. Lisemwalo lipo, wakanong'ona wanakwaya, kumbe anakunywa uvunguni. Mimi nilimtetea sana, ingawa siku hiyo kusimama kulinishinda.

Nesi Faudhia alimwambia neno moja: mtoto achanjwe ndani ya saa ishirini na nne tangu azaliwe, la sivyo virusi vinaweza kukaa kwenye ini lake maisha yote. Wakakubaliana ajifungulie mjini. Mtoto hakushirikishwa katika makubaliano hayo. Alikuja wiki tatu mapema, alfajiri, nyumbani.

Ikabaki kazi ya kumwondoa mama mkwe mlangoni. Kwetu mzazi hukaa kwenye kiriri, kitanda cha uzazi, hadi kitovu kidondoke, na jua halimwoni mtoto. Bibi Akimana akaketi kizingitini. Mwanawe Reverien, mume wa Immakulata, ghafla akaona kuna migomba ya kukagua.

"Mama," Immakulata akaita kutoka ndani, "kama tatizo ni jua, tufunikeni."

Bibi akafikiri. "Na kiriri?"

"Mtubebe nacho."

Ndivyo walevi sita, mimi nikiwa kiongozi, tulivyobeba kitanda chenye mzazi, mtoto na blanketi nne hadi barabarani. Bibi alitembea pembeni akikagua matundu. Tukapanda fuso la mihogo, likatushusha hospitali saa nane mchana. Mlinzi akauliza maiti ni ya nani.

"Maiti ina haraka," Immakulata akajibu chini ya blanketi.

Mtoto akachomwa sindano pajani, akalia mpaka Bibi akaridhika. Faudhia alipokuwa akijaza kadi, Immakulata akamuuliza yeye aliupata wapi ugonjwa huu.

"Mara nyingi ni kwa mama, dada yangu, siku ile ya kuzaliwa. Mama mwenyewe huwa hajui. Virusi hivi haviletwi na pombe."

Immakulata akamtazama mwanawe, akaanza kulia. Miaka ishirini na mbili alikuwa amemwonea mama yake aibu, kwa ulevi ambao huenda hakuwa nao kabisa.

Kitovu kilipodondoka alituita, tukadhani ni shukrani. Akatuongoza hadi kaburini kwa mama yake, akiwa na mtungi wa pombe iliyoiva barabara.

"Nisamehe, mama," akasema. "Hata mimi niliamini."

Akaumwaga wote. Tulisimama walevi sita tukiitazama pombe ikizama ardhini, na hakuna aliyelalamika.