Paa la Ukumbi Lililotawanyika Majikoni

Wewe ungezificha wapi pesa za kijiji kizima, ikiwa wenye bunduki wanapita mara mbili kwa mwezi, na kila wakipita wanapindua hata vitanda vya wagonjwa?

Papa Élysée, fundi cherehani wa kilima kimoja juu ya Lushebere, alibebeshwa swali hilo mwaka 2008, siku aliyochaguliwa kutunza michango ya ukumbi wa kijiji. Walimchagua kwa sababu hakuwahi kupoteza hata kipande cha kitambaa cha mtu. Kuchelewesha suruali miezi minne, hilo ni jambo lingine.

Alifikiri siku tatu, akaamua: pesa isilale. Kila michango ilipofikia bei ya bati moja, alinunua bati, akaliandika namba kwa rangi nyekundu, akaligongomea juu ya jiko la mmoja wa wachangiaji. Askari mwenye haraka hapandi jikoni kung'oa bati moja lenye masizi.

Miaka miwili watu walimtania njiani.

"Papa Élysée, franga zetu iko wapi?"

"Iko juu ya kichwa yako. Ukipika maharagi, angalia juu, uisalimie."

Jiko lake mwenyewe aliliacha na majani, asije akasemwa. Mkewe, Mama Brigitte, alipika huku mvua ikimdondokea shingoni. "Papa Aimée," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "weye uko muaminifu sana. Hata supu yako iko na maji mingi juu ya ule uaminifu."

Mwezi wa tatu wa mwaka 2010 kuta za udongo za ukumbi zikakamilika, na siku hiyohiyo mawingu yakajaa. Bila paa, mvua tatu tu zingezirudisha kuwa matope. Élysée akazunguka nyumba kwa nyumba: mabati yote yaletwe kesho asubuhi. Hapo ndipo alipogundua kwamba akiba yake imezoeleka. Watu waliitikia "ndiyo, Papa" huku macho yakipanda darini. Apollinaire, aliyefunikiwa jiko pamoja na banda la mbuzi kwa mabati sita, alisema wazi:

"Kaka, unanivua kofia na mvua njo hii inakuja? Ngoja kiangazi."

"Kiangazi ukuta itakuwa imeisha kuyeyuka."

"Basi tutajenga ingine!"

Jioni Élysée hakugusa ugali. "Wakiyakatalia," alimwambia mkewe, "nitaitwa mwizi. Tena watakuwa na haki. Mimi njo niliwapatia."

"Kula," Brigitte akasema. "Mwizi gani ananyeshewa namna hii?"

Asubuhi yake, kabla hajafunga viatu, alimwona mjane Mukashema akipanda kilima, bati lake la pekee, namba saba, likitikisika kichwani. Nyuma yake wakafuata wawili, kisha kumi, kilima kikavuma kwa mabati. Wa mwisho alikuwa Apollinaire, na mabati matano.

"Na ya sita?" Élysée akauliza.

"Mwanamuke yangu anachemsha chai chini yake. Unataka tumunyeshee chai?"

Élysée akageuka kutazama bondeni. Mke wa Apollinaire alikuwa amepanda juu ya jiko, kitenge kimefungwa magotini, anang'oa misumari, na moshi wa chai yake ukipanda bila kizuizi mpaka mawinguni.