Mwanya Wangu

Juzi, kwenye maonyesho ya sanaa mtaa wa Al Barsha, nilikutana na kinyago cha Kiyoruba kilichochongwa kwa mbao za makasha ya mizigo, kikicheka kwa mwanya wangu mimi wa meno ya mbele.

Mchongaji ni Bisi, jirani yetu wa utotoni kule Deira. Alasiri moja baba yake, aliyechonga vinyago vya kwao, alimpa Bisi patasi, mimi akaninyima. Chumba kilinuka maranda, nyundo ikigonga ko, ko, ko, nami nikimwonea wivu.

"Hebu cheka tena," Bisi aliniambia, akinikazia macho mdomoni. Nikacheka kwa maringo, nikidhani naye anauonea wivu mwanya wangu. Kumbe alikuwa akiusoma.

Juzi nilisimama kando ya kinyago nikatabasamu, labda mtu angetambua. Mlinzi akanisogelea: "Dada, sogea kidogo, unawazibia wenzako kinyago."