Kwenye muvi ninazomsimulia mume wangu, hafi mtu

Admin, nifiche kabisa. Mume wangu hawezi kusoma hapa, ila wenzake wa kijiweni wote wamo humu na wanaweza kumsomea. Jina la mtoto nimelibadilisha.

Nina miaka thelathini na moja, nauza mafuta ya alizeti barabarani hapa Iguguno, Singida. Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Tulijuana kwenye kibanda cha video tukibishania muvi gani kali, yeye mtu wa vita, mimi wa Kihindi za kulia. Nikamwambia hajui muvi, akasema basi nimfundishe. Ndoa yetu ilianzia hapo.

Presha ya macho ilimpofusha nikiwa na mimba ya Neema. Yeye hajawahi kumwona mtoto wake. Akawa mtu wa kukaa ndani, haongei, hacheki, mpaka siku moja akasema, "Mke wangu, niwekee muvi nisikilize hata sauti." Nikaweka iliyotafsiriwa, haikuchukua muda akaniambia zima. DJ anatafsiri wanachosema, hasemi wanachofanya. Mtu anachomwa kisu, DJ yuko kwenye utani wake! Nikamwambia, "Achana naye, DJ wako niko hapa." Na mimi jamani mdomo ninao, nasimulia mpaka rangi ya mapazia.

Muvi ya kwanza steringi alikufa, na mimi nikasema hivyo hivyo, amekufa. Mume wangu akasema, "Afadhali yeye." Siku ile hakula. Nilikaa jikoni nikalia na tumbo langu kubwa, nikaapa kwamba humu ndani hafi mtu tena.

Ndiyo nikaanza kuwaponya. Aliyepigwa risasi nasema imempata begani. Wanaozika nasema wanapanda mti. Mume wangu akarudi kuwa mtu, akawa anacheka, akaanza kwenda kijiweni kwa kinyozi, ambako Jumapili mchana wanakaa kulinganisha muvi. Wakampa jina la Profesa, maana anasimulia vitu ambavyo wao wenye macho hawakuviona. Nikimpeleka anatembea kifua mbele, na mimi roho yangu kwatu.

Sasa Jumapili moja wakasema kila mtu ataje muvi yake bora ya maisha. Mimi nilikuwa ndiyo nimefika kumchukua. Akataja ile ya baba aliyekwenda machimboni akazeekea huko, akapanda treni kurudi kwa binti yake anayemngoja stesheni. "Wanakumbatiana pale," anasema mume wangu, uso unang'aa, "binti anambebea begi, wanaenda nyumbani."

Kinyozi akasema, "Profesa, mzee anafia kwenye treni. Binti anapokea maiti."

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akapandisha sauti, "Mke wangu ameiangalia kwa macho yake!" Kinyozi alikuwa nayo kwenye simu, akaiweka mwishoni, akamsogezea sikioni. Ule muziki ninaujua. Nyumbani aliwahi kuniuliza mbona una huzuni hivyo, nikamjibu wanalia kwa furaha. Aliusikiliza wote, na kilio cha binti, mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Nipeni fimbo yangu." Nilimpa mkono, hakuushika.

Nyumbani nikamwambia nilitaka acheke tu. Akasema, "Macho yalipoondoka nilibaki na mdomo wako, mama Neema. Sasa nimebaki na nini?" 

Tangu hapo haniamini hata kidogo. Nikimwambia shati ni la bluu, anamuuliza jirani. Nikisema wingu limetanda, anatoka nje anasimama kusubiri tone. Hayo ningeyavumilia. Ila wiki iliyopita mama yake alikuja kutoka Nduguti. Nimemwamkia shikamoo, nimemwandalia maji ya kuoga, niko jikoni nasonga ugali, nikasikia mume wangu anamuuliza, "Mama, hivi Neema anafanana na nani?"

Jamani, mwiko niliuacha kwenye ugali. Tangu mtoto azaliwe nilimwambia pua yako, paji lako, umejizaa mwenyewe. Nilitaka na yeye ajione mahali. Ukweli ni kwamba Neema ni baba yangu mtupu. Mungu ananiona, mtoto ni wake, sijamjua mwanaume mwingine tangu anioe. Mama mkwe hajui lolote, akacheka akamjibu kwa Kinyiramba kwamba huyu kachukua kwa wajomba zake, kwetu hajaambulia hata kucha. Mume wangu akaitikia "Aha", basi. Halafu akamwita Neema, akamkalisha mapajani, akawa anampapasa uso polepole, mtoto anacheka akidhani ni mchezo.

Jana akaniambia, "Nisimulie upya muvi zote, kuanzia ile ya treni. Waliokufa wafe. Nataka niijue sauti yako ikiwa inasema kweli inakuwaje. Nikishaijua, ndipo nitakuuliza kuhusu Neema."

Nimekubali, ningekataa vipi? Lakini nikifika kwa Neema nitakuwa natetemeka, najijua, na yeye sasa hivi kila kinachotetemeka anakiita uongo. Nikimwambia hafanani nawe ila ni wako, ataamini lipi? Ndugu zangu, mlio kwenye ndoa hasa, niambieni nifanyeje. Hapa ninapoandika ameshavuta kiti karibu na TV, amemshika Neema mkono, wananisubiri nianze.